Kuku 41 walivyonipeleka Kayanga kumwita mondo

Ujumbe uliingia saa nne usiku nikiwa kijiweni Kirumba, Mwanza, mkononi mshikaki, mdomoni stori. "Kaka, wamebaki kumi na tisa." Basi. Hakuna salamu, hakuna pole. Nikausoma mara ya pili, nikaurudisha mshikaki kwenye sahani. Hamu iliisha palepale.

Ngoja niwaeleze kisa chenyewe. Mwezi wa nane nilimtumia binamu yangu aliyeko Kayanga, kule Karagwe mkoani Kagera, shilingi laki saba na nusu. Ni mtoto wa mjomba, tumekua pamoja kila likizo, tumechapwa fimbo moja. Mpango wetu ulikuwa mwepesi kama maji: kuku 60 wa kienyeji, banda, chanjo na pumba, halafu Krismasi tunauza watu wakiwa na njaa ya pilau. Faida nilikuwa nimeshaipigia hesabu, na kiatu cha kununua nimeshakichagua dukani. Sasa wamebaki kumi na tisa! Kuku 41 wameyeyuka kama barafu ya shilingi mia.

"Nani kawala?" nikaandika.

"Mondo," akajibu. "Ila nimepata mwenye silaha. Njoo tummalize."

Siku ya tatu nilikuwa njiani. Bukoba, kisha Kyaka, pale lilipo daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yalilivunja mwaka 1978, gari likaiacha barabara ya Mutukula na kuanza kupanda vilima vya Karagwe. Kwa wasiokujua, Kayanga ndiyo makao makuu ya wilaya ya Karagwe, mji uliokaa juu mlimani, migomba pande zote na mabonde ya majani marefu chini yake. Wilaya hiyo zamani ilikuwa kubwa mpaka mwaka 2012, Kyerwa ilipokatwa ikawa wilaya yake. Baridi yake usiombe. Mimi nilishuka na fulana yangu ya mjini, nikajuta kabla sijapokea mzigo.

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja, na Kagera mwezi huo una neno moja tu: senene. Watu wamefunga mabati na mapipa, taa zinawaka mpaka alfajiri, watoto wanakimbia na ndoo mabondeni. Ikumbukeni hiyo habari ya watoto na ndoo, tutairudia.

Mke wa mjomba alinipokea na ndizi na maharage, binamu akanipeleka kwenye banda. Kumi na tisa waliobaki walikuwa wamejikunyata juu ya fito kama abiria walioachwa na basi. Nyuma ya banda, kwenye majani, akanionyesha rundo la manyoya. Mbele kidogo, lingine. Kwenye tope kulikuwa na alama ya wayo wa paka, lakini paka wa kwetu hana wayo kama ule. "Umeona?" akasema binamu. Niliona, na damu ikanichemka. Mtu akikuibia unaweza kumsamehe siku akikuomba radhi. Mnyama anakula mtaji wako halafu anaenda kulala!

Kwa wale ambao paka wao wa porini ni wa kwenye televisheni, mondo si chui na wala si simbamangu. Ni mwembamba, mrefu wa miguu kuliko paka yeyote ukilinganisha na mwili wake, rangi ya majani makavu yenye madoa meusi, mkia mfupi, na masikio makubwa mpaka unadhani ameazima. Uzito wake ni kilo 8 mpaka 18 hivi. Yale masikio ndiyo kazi yake yote. Anasimama kwenye majani marefu, anafumba macho kama anasinzia, kumbe anasikiliza panya anatafuna nini na yuko hatua ngapi. Akishajua, anaruka juu na kumshukia kwa miguu ya mbele. Kule kreta ya Ngorongoro mtafiti mmoja, Geertsema, aliwafuatilia, akakuta karibu nusu ya miruko yao inaleta chakula. Simba mwenyewe hana bahati hiyo.

Lakini siku ile sikutaka kusikia sifa za mondo. Nilitaka kichwa chake.

Jioni tukashuka kijiweni. Kijiwe cha Kayanga kina wataalamu kama kijiwe chochote. Mmoja anasema si mondo, ni chui mdogo. Wa pili anasema weka dawa ya mifugo kwenye utumbo wa mbuzi, asubuhi umemaliza kazi. Wa tatu, kijana mwenye simu kubwa kuliko mkono wake, akasema sisi washamba, twende kisasa. Akatuonyesha video za Marekani.

Nakwambia, nilikodoa macho. Wenzetu kule wana paka wa porini anaitwa bobcat, mkia umekatika, masikio yana vishungi. Wanaume wanavaa nguo za rangi ya vichaka mpaka usoni, wanakaa chini ya mti, mmoja anatoa kifilimbi anapuliza, na sauti inayotoka ni ya sungura anayelia kwa uchungu wa kufa. Wengine hawapulizi kabisa, wanaweka spika chini inalia yenyewe na mwindaji anabonyeza rimoti. Dakika zinapita, ishirini, thelathini, paka huyu hana haraka, anakuja kwa kunyata, anakaa, anatazama. Halafu bunduki ndogo, ".22" au ndugu zake, inalia tap! Mbona ndogo? Kwa sababu ya ngozi. Risasi kubwa inatoboa tundu la kupitisha ngumi, na pesa iko kwenye ngozi ya tumbo, nyeupe yenye madoa. Hata huko, si kila mahali wanakubali. California ilipitisha sheria mwaka 2019 kuzuia kuwinda bobcat kwa michezo. Na kwenye ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea, CITES, bobcat wao na mondo wetu wamekaa orodha moja, ya pili, ngozi zao hazivuki mpaka bila kibali.

"Sasa mnaona?" akasema yule kijana. "Nina sauti ya sungura hapa kwenye simu. Spika ninayo. Bunduki tu."

Hapo mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni na kibuyu chake cha rubisi akacheka. Si kicheko cha dharau, ni cha mtu aliyesikia mtoto akimfundisha bibi kupika. "Huyo sungura wenu wa Marekani, mondo wa hapa atamjulia wapi?" akauliza. Akaweka kibuyu chini, akaubusu mgongo wa mkono wake na kuvuta hewa kwa midomo iliyobana. Waitu! Panya alilia pale kijiweni, panya mzima, kama amebanwa na mlango. Paka wa mama muuza chai, aliyekuwa amelala chini ya benchi, akasimama na kuzunguka anatafuta.

Nikahama benchi palepale, nikakaa karibu na mzee.

Huyu mzee zamani alikuwa na bunduki, tena yenye kibali, hiyohiyo .22. Aliitumia miaka mingi mpaka macho yalipoanza kumdanganya, akaipeleka polisi mwenyewe na kuandikishiana. Ndiye aliyenifungua macho kuhusu hicho kidude. Risasi yake ni kama punje ya mahindi iliyochongoka, gramu mbili na nusu hivi, aina maarufu kabisa imekuwepo tangu mwaka 1887. Haipigi kelele sana, haikutegui bega. "Kwa hiyo vijana wanaidharau," akasema. "Wanaona ni ya kuchezea ndege. Ukimpiga nayo mnyama vibaya, haanguki. Anaondoka nayo, anakwenda kuoza na kidonda wiki nzima porini, na wewe umerudi nyumbani unasema umekosa." Halafu akaniambia jambo la pili, ambalo wakati ule nililipokea kama habari ya kawaida: kale karisasi kasipokuta kitu mbele yake kanaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu.

"Na gobole?" nikauliza, maana hiyo ndiyo silaha ambayo binamu alikuwa ameahidiwa. Sitasema na nani.

Mzee akatema mate pembeni. Gobole, alisema, ni bomba la chuma na baruti na vipande vya nondo, na anayelifyatua hajui kama vitatoka mbele au vitarudi usoni kwake. Aliwataja wawili aliowafahamu, mmoja hana jicho, mmoja hana vidole vitatu.

Alizungumza mengi usiku ule. Karagwe ni nchi ya wawindaji tangu enzi za Mukama Rumanyika. Yule Mzungu Speke alipofika kwake mwaka 1861, alikuta watu wanaojua kila mnyama kwa jina na tabia, na huku akaonyeshwa nzohe, swala wa kwenye matete, ambaye mpaka leo wanasayansi wanamwita kwa jina la Speke kana kwamba Wanyambo hawakuwa wamemwona. Vifaru walikuwepo, Speke mwenyewe aliwapiga. Leo nani kamwona kifaru Karagwe? Kisha mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa malaki, watu wenye njaa, na mapori ya Burigi na Kimisi yakaliwa nyama mpaka yakabaki kimya. Wakarudi kwao mwishoni mwa mwaka 1996. Mapori yale sasa ni hifadhi za taifa, Burigi-Chato ilizinduliwa mwaka 2019, na mwaka huohuo zikapatikana Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Wanyama wanarudi taratibu. "Mondo yeye hakuondoka," akasema mzee. "Yeye anakula panya. Panya hawakimbii vita."

Asubuhi nilijitia uungwana nikaenda kuuliza ofisi ya wanyamapori. Bwana mmoja akanisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mgongo, akanipa dozi. Mnyamapori ni mali ya umma, yuko chini ya dhamana ya Rais, hata kama amelala kwenye shamba la mjomba. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, inataka leseni kabla hujamwinda. Kuwinda kwa tochi au taa, hapana. Sumu, hapana. Mitego ya nyaya, hapana. Mbwa, hapana. Gobole lisilo na kibali ni kesi nyingine kabisa, hiyo ni sheria ya silaha ya mwaka 2015. Mnyama akisumbua, toa taarifa, waje wenyewe waangalie. Nikamuuliza watakuja lini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mshahara wake.

Niseme ukweli, nilitoka pale nimenuna. Nina kuku 41 marehemu, mimi nahubiriwa!

Kwa hiyo tulikubaliana na mzee hivi: atatusaidia kumwita mondo jioni, ili tumjue ni mmoja au ni wengi na anatokea upande gani. Kumwita tu. Hakuna silaha. Binamu akaitikia "ego, waitu" kwa unyenyekevu kiasi kwamba ningekuwa na akili timamu ningeshtuka.

Saa kumi na mbili tukashuka bondeni. Mzee alitupanga kama mwalimu wa darasa la kwanza. Upepo utujie usoni, maana harufu ikitangulia hatuna kazi. Migongo iegemee mti, ili mtu asionekane amechomoza kama kisiki chenye kofia. Simu zimezimwa. Kukohoa ukohoe sasa hivi. Halafu akatueleza kitu kimoja cha kututisha kidogo: ukiita, humchagui anayekuja. Ujana wake aliwahi kuita mondo mabonde ya huko Kyerwa, akasikia majani nyuma yake, akageuka akakutana na chui hatua kumi. Chui alishangaa kuliko yeye, wakaachana kwa amani. Ndiyo sababu anaita akiwa na mti mgongoni.

Akabusu mkono. Panya akalia mara tatu, nne, akanyamaza. Mzee akahesabu kimoyomoyo, akaita tena, safari hii taratibu zaidi, kama panya anayekata tamaa. Kisha akachuma jani, akalibana katikati ya vidole gumba viwili na kulipuliza, ikatoka sauti ya kisungura. Mara moja tu. Akarudi kwa panya.

Jamani, kukaa kimya ni kazi. Sisi watu wa mjini hatujui. Mbu ananiuma sikioni, siwezi kumpiga. Mguu umekufa ganzi. Mwanga unapungua, bonde lote linageuka kijivu. Dakika kumi. Dakika ishirini. Nikaanza kuamini tunachezewa akili.

Ndipo masikio yakatokea. Sikuona mnyama, niliona masikio mawili yamesimama juu ya majani, yanageuka moja huku na moja kule. Kisha shingo. Kisha yeye mzima akatoka kwenye uwazi, hatua thelathini hivi, miguu mirefu kama ya mwanamitindo, madoa yanaonekana bado kwa kile kimwanga. Akasimama. Mzee akaita kwa pumzi ndogo tu, hata mimi niliyekaa karibu sikuisikia vizuri. Mondo aliisikia. Akainamisha kichwa upande kama anayesema, rudia.

Sijawahi kuona kitu kizuri vile, na nilichowaza wakati huo ni kiatu changu.

Hapo nikasikia kitambaa kinafunuliwa. Binamu, chini ya koti la marehemu babu, alikuwa amebeba gobole. Alikuwa analiinua. Akanigeukia mimi, si mzee. Alikuwa anauliza kwa macho. Na mimi, wasomaji wangu, niliyekataa mshikaki kwa huzuni, niliyetoka ofisi ya wanyamapori asubuhi ile na sheria kichwani, nikanong'ona: "Piga."

Mzee hakupiga kelele. Alinyoosha mkono akaweka kiganja chake juu ya mdomo wa lile bomba, kama anavyofunika mtu kikombe kisimwagiwe tena chai. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nyuma yake kuna nini?"

Mondo aliyeyuka. Tukatazama pale alipokuwa. Nyuma yake, mteremko wa pili wa bonde, kitaa kikawaka. Kisha cha pili, kisha vitano, sita, vinashuka vinacheza. Sauti zikatufikia. Watoto. Watoto na ndoo zao wanateremka kwenda kwenye senene, kwenye mstari uleule ambao binamu alikuwa ameuelekezea nondo na baruti.

Mkono wa mzee ulikuwa bado uko pale kwenye bomba. Binamu alianza kutetemeka, kwanza magoti, baadaye mwili mzima. Mimi sikutetemeka. Mimi nilikosa mate. Mzee akalichukua gobole, akalitegua, akamwaga ile takataka ya ndani kwenye majani, akambwagia binamu bomba tupu. "Kalirudishe mwenyewe ulikolitoa," akasema. "Umwambie mwenye nalo kwamba nalijua." Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno, ila mara moja mzee alisimama kuwasalimia wale watoto na kuwauliza kama senene wamekuja. Wakasema bado, mbalamwezi.

Mke wa mjomba alikuwa ameshasikia, sijui kwa redio gani. Alitusubiri mlangoni na sinia la mahindi, akalishusha mbele yetu bila kusema kitu. Nusu ya punje zilikuwa zimetafunwa kiini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, ambao panya ndiyo kazi yao, walishakadiria kwamba panya hula mpaka kiasi cha asilimia 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka. Mama yule hakuwahitaji watafiti. "Huyo mkimuua," akasema, "hawa panya nitawapikia nyinyi?"

Kesho yake mzee alikuja mwenyewe, mchana, kukagua banda. Hapo ndipo hesabu ilipoanza kunikalia vibaya. Mondo, alituambia, akikamata kuku humnyonyoa kabla ya kula, ndiyo maana anaacha lile rundo la manyoya kwenye majani. Tukayahesabu marundo. Matano. Kuku watano, nao walikamatwa nje, jioni, kwa sababu binamu alikuwa akichelewa kuwafungia.

Wale waliokutwa wamekufa ndani ya banda, shingo zimeng'atwa, wengi hawajaliwa kabisa? Kumi na wanne, kwa usiku miwili. Mzee akapiga magoti, akaonyesha pengo chini ya mlango, ngumi yangu inapita. Mondo hapiti hapo. Kanu anapita. Yule mwembamba mwenye mkia wa pete, akiingia kati ya kuku wanaopiga kelele hupagawa anaua ovyo.

Watano na kumi na wanne ni kumi na tisa. Nikamtazama binamu. Na wengine ishirini na wawili?

Binamu akaanza kuchora ardhi kwa kidole cha mguu. Tisa walikufa kwa kideri. Chanjo? Pesa ya chanjo "ilisogea kidogo". Na kumi na watatu waliobaki, hao walikula na miguu miwili: aliwauza mmoja mmoja Omurushaka siku za gulio, maana bodaboda aliyokopa ilikuwa inataka marejesho kila Jumamosi na mwenye bodaboda hana utani. Alikuwa anangoja kunieleza. Alimkuta mondo kwenye majani na manyoya mdomoni, akaona huyu hapa atabeba yote.

Sikumpiga. Nilitaka. Lakini mtu ambaye jana yake kasema "piga" bila kuangalia nyuma kuna nini hana mdomo mrefu wa kusemea wenzake. Nilikwenda dukani nikanunua wavu wa chuma na misumari, tukaziba pengo, tukainua fito, tukafunga mlango wa bati. Dawa ya kideri tulipata kwa bwana mifugo. Kuwafungia ni saa kumi na moja na nusu, mondo hajaanza zamu yake. Mzee alikataa pesa, akakubali rubisi na kopo la senene.

Krismasi tuliuza kumi na saba, tukaacha jogoo na tetea mmoja wa mbegu. Kiatu sikununua. Binamu ananilipa kidogokidogo, wakati mwingine vocha, wakati mwingine ndizi kwenye basi, na akichelewa ananitumia picha ya tope lenye wayo na maneno mawili: "Bado yupo."

Mimi huku Kirumba nimejaribu ile ya kubusu mkono. Wiki nzima. Paka wa jirani ananitazama, anarudi kulala.